Lena Horne na Wasichana wa Chemirocha

Mwaka 1942 kampuni ya MGM ya Hollywood ilimpa mkataba mwimbaji Lena Horne, aliyeanza kucheza jukwaani Cotton Club, New York, akiwa na miaka 16. Katika filamu zake nyingi hapo alitengwa: anasimama, anaimba, anaondoka, hasemezani na mhusika yeyote. Hivyo wenye majumba ya sinema katika majimbo ya Kusini, ambao hawakutaka kuonyesha mwanamke mweusi mwenye hadhi, walikata kipande chake na hadithi ikaendelea bila pengo.

Sasa njoo Bonde la Ufa, Kenya, kwa waimbaji wengine waliotengwa na hadithi yao. Ukitoka Nakuru na kuupanda mlima wa Sachangwan, barabara hugawanyika Mau Summit. Ya kushoto huelekea Kericho, na mbele yake Kapkatet. Huko, mwaka 1950, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake wa Kipsigis, wakiimba kwa chepkong, ala yao ya nyuzi. Waliyemwimba, Chemirocha, ni Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani aliyekufa mwaka 1933 na ambaye santuri zake zilifika hadi huku. Kwa maelezo ya Tracey, walimfikiria kuwa nusu mtu, nusu swara.

Wengi huusimulia wimbo huu kama kichekesho cha wanakijiji walioduwazwa na gramafoni. Sikubali hata kidogo. Wasichana hawa waliletewa sauti isiyo na mwili, nao wakaiumbia mwili, wakaipa miguu, wakaiita ngomani. Huo ni usanii wa hali ya juu. Sauti yao wenyewe haikutendewa wema huo: ilihifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki ya Tracey, ikasikilizwa Ulaya na Marekani, na Chemutoi akabaki jina kwenye lebo. Ilipita miaka zaidi ya 60 ndipo maktaba hiyo na Ketebul Music ya Nairobi wakazirudisha rekodi zile kwa Wakipsigis.

Horne naye alifungiwa milango mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu ya siasa na urafiki wake na Paul Robeson, mwimbaji na mwanaharakati. Lakini alikuwa na mikataba, mawakala na jiji lenye majukwaa. Mwaka 1957 aliigiza Broadway katika tamthilia ya muziki iitwayo Jamaica. Mwaka 1981, akikaribia miaka 64, alirudi na onyesho lake The Lady and Her Music, akaionyesha zaidi ya mara 300, na kati ya wimbo na wimbo akasimulia mwenyewe jinsi Hollywood ilivyomtenga. Safari hii hadithi yote ilikuwa yake, na hapakuwa na kipande cha kukata.