Ushairi wa Mvita na Vijana Wetu

Yatupasa, wazee na wanachama, kukumbuka njia iliyotuletea ushairi wa mji huu. Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, hakutungia makabati ya vitabu. Katika siku za utawala wa Mazrui shairi lake lilikuwa hoja ya Mvita mbele ya Lamu, na shairi hujibiwa kwa shairi. Watu wakayahifadhi vifuani, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya, akasaidiana na mmisionari W. E. Taylor kuyaandika. Ndipo William Hichens alipoyachapisha mwaka 1940, katika Diwani ya Muyaka.

Baadaye Ahmad Nassir, ambaye Malenga wa Mvita yake ilitoka mwaka 1971, alitunga, na Juma Bhalo akaziimba tungo zake katika taarabu. Hata asiyejua kusoma akazijua.

Basi karatasi ilikuja mwisho; kilichotangulia ni ushirika. Kijana alitupiwa fumbo, akatakiwa alifumbue kwa vina na mizani, akikosea arekebishwe palepale. Leo wengi wa vijana wetu wa Kibokoni huukuta ushairi katika mtihani, na mtihani ukipita nao huachwa.

Kwa hiyo twawaomba wazee wenye tungo na maana zake wasizifiche. Katika arusi na mabaraza yetu, kijana apewe ubeti aujibu, si kuusikiliza tu. Kisichojibiwa husahauliwa, na mzee akiondoka huondoka nacho.