Bwawa jipya limekuwa la kina mno? Inua sakafu, usipunguze maji

Nyumba imekwisha, vigae vinang'aa, boza la mwisho la maji limeondoka. Mwenye nyumba anashuka ngazi za bwawa lake la kuogelea akitarajia maji ya kifuani, lakini mguu haugusi chini. Watoto wamejipanga ukingoni wakingoja ruhusa. Hapo ndipo inapojulikana kwamba fundi alichimba kupita kiasi.

Wahenga walisema maji ya kifuu bahari ya chungu. Maji yanayomfika baba kifuani yanamfunika mtoto wa miaka mitano, na yanayomfunika baba hayana pa kusimama kwa yeyote asiyejua kuogelea. Kosa hili hurekebishika, lakini lina njia yake, na hapa pwani lina hatari yake ambayo fundi wa bara huenda asiijue.

Pima kabla ya kulaumu

Kina cha bwawa hupimwa kutoka usawa wa maji hadi sakafuni, si kutoka ukingo wa juu. Pima sehemu tatu: upande wa watoto, katikati na upande wa kina. Andika vipimo, piga picha, kisha linganisha na ramani ya ujenzi. Kwa bwawa la familia, mita 1 hadi 1.2 upande mmoja na mita 1.5 upande wa pili zatosha. Kina cha zaidi ya mita 2 hakina kazi kubwa kwa familia isipokuwa kwa wanaotaka kuchupa.

Ikiwa ramani na mkataba vinasema mita 1.5 na fundi amechimba 2.4, kosa ni lake na gharama ni yake. Ndiyo maana haifai kumlipa mjenzi pesa zote kabla ya bwawa kujazwa na kupimwa. Wakandarasi nchini Kenya husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), kwa hiyo dai cheti kabla ya jembe la kwanza. Mliyepatana kwa maneno matupu ni vigumu kumshika.

Kwa nini usipunguze maji tu?

Wengi hufikiria njia hii kwanza kwa sababu ni ya bure, lakini haifai. Ukutani, karibu na juu, kuna tundu liitwalo skima linalovuta majani na taka zinazoelea. Maji yakishuka chini ya tundu hilo, pampu huvuta hewa na yaweza kuungua. Uchafu hubaki juu ya maji, na mtoto aliye ndani hubakiwa na ukuta mrefu asioweza kuushika ili atoke.

Kuweka meza au jukwaa la mbao chini ya maji pia ni hatari, kwani mtoto anaweza kunasa chini yake. Dawa ni kuinua sakafu.

Hatari iliyo chini ya bwawa

Bwawa tupu ni kama mtumbwi. Likizungukwa na maji ya ardhini, hutaka kuelea. Chukua bwawa la mita 8 kwa 4, lenye sakafu ya mita 32 za mraba. Maji ya ardhini yakisimama mita 1 juu ya kitako chake, yanalisukuma kwenda juu kwa nguvu ya takriban tani 32. Sakafu hupasuka, mabomba hukatika, na wakati mwingine bwawa zima huinuka.

Karibu na ufuo, ardhi yetu ya mchanga na matumbawe hupitisha maji upesi, na kisima hupanda na kushuka pamoja na bahari. Basi chungulia kisima cha jirani wakati wa maji kujaa. Maji yake yakiwa juu kuliko sakafu ya bwawa lako, usilikaushe kiholela. Ngoja kiangazi cha kaskazi, anza wakati wa maji mafu, na kamwe usianze siku za bamvua wala katikati ya masika. Kwa kuwa kazi itapita bamvua zaidi ya moja, chimba shimo kando ya bwawa na uweke pampu ya kuvuta maji ya ardhini mpaka bwawa lijazwe tena.

Kazi yenyewe

Kwanza, mwite mhandisi. Yeye ndiye wa kuamua kama sakafu ya zamani itobolewe, kama ardhi itabeba uzito, na sakafu mpya iwe na unene gani. Kutoka mita 2.4 hadi 1.5 katika bwawa letu la mfano ni karibu mita 29 za ujazo, na kokoto ni nzito kuliko maji yaliyokuwa hapo.

Pili, bomba la chini linalovuta maji lipandishwe kabla ya kumwaga zege. Ni afadhali matundu mawili yaliyoachana kuliko moja, ili mtu akiziba moja kwa mwili wake, jingine lipunguze mvuto. Vifuniko viwe vile visivyonasa nywele wala mwili. Marekani ilitunga sheria ya vifuniko hivyo mwaka 2007 na kuipa jina la Virginia Graeme Baker, msichana wa miaka 7 aliyefariki mwaka 2002 baada ya kunaswa na mvuto wa tundu kama hilo.

Tatu, jaza kokoto safi kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ishindiliwe. Udongo wa shambani na vifusi hudidimia baadaye na kupasua sakafu. Mchanga wa ufuoni na maji ya kisima cha chumvi visitumike kwenye zege, kwani chumvi hula nondo.

Nne, sakafu mpya isukwe kwa nondo zilizofungwa kwenye kuta, na iteremke polepole bila shimo la ghafla. Zege imwagiliwe maji kwa angalau siku 7. Hufikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya takriban siku 28. Kisha hupakwa dawa ya kuzuia maji, halafu vigae.

Asiyeweza gharama yote anaweza kujenga sehemu ya kina kifupi upande mmoja tu, na kuitenga kwa mstari wa vigae vya rangi tofauti.

Kabla ya kuruhusu watoto

Jaribu kama bwawa linavuja. Weka ndoo yenye maji kwenye ngazi, tia alama usawa wa maji ndani ya ndoo na nje, ngoja saa 24 pampu ikiwa imezimwa. Maji ya bwawa yakipungua kuliko ya ndoo, kuna mahali panapovuja.

Kadiria dawa upya pia. Bwawa la mfano lilimeza lita 76,800, sasa ni 48,000, yaani boza tano za lita 10,000 badala ya karibu nane. Klorini ya zamani itazidi. Andika kina kipya ukingoni, na bango la kukataza kuchupa, maana aliyezoea kina cha zamani atavunjika shingo.

Na tangu siku ya kukausha hadi siku ya kujaza, zungushia ua. Shimo tupu la mita 2.4 lenye sakafu ya vigae halimhurumii mtoto anayekimbiza mpira.