Rhaphidophora tetrasperma

Rhaphidophora tetrasperma ni mmea unaokwea wa familia ya Araceae, wenye asili katika misitu ya kusini mwa Thailand na Rasi ya Malaysia. Spishi hii ilielezwa kisayansi mwaka 1893 na mtaalamu wa mimea Mwingereza, Joseph Dalton Hooker. Shina lake jembamba hupanda miti na miamba kwa mizizi ya hewani inayochipuka kwenye vifundo. Majani ya mmea mchanga huwa mazima. Unapokomaa, majani hupasuka kuelekea mshipa wa kati. Kwa mwonekano huo wauzaji huuita “monstera mdogo”, ingawa jenasi ya Monstera ni nyingine na asili yake ni Amerika ya kitropiki.

Ndani ya nyumba huhitaji mwanga mwingi usio wa jua kali, udongo usiotuamisha maji na nguzo ya kukwea. Huzalishwa kwa vipandikizi vyenye angalau kifundo kimoja. Tishu zake zina fuwele za oksalati ya kalisi, ambazo huwasha mdomo na koo zikitafunwa. Aina yenye mabaka meupe ni adimu na hukua polepole, kwa kuwa sehemu nyeupe hazina klorofili. Mwaka 2021 mche mmoja wa aina hiyo, wenye majani 9, uliuzwa katika mnada wa mtandaoni nchini Nyuzilandi kwa dola 27,100 za nchi hiyo.