Kiswahili Safarini: Kazi ya Mtungaji Christopher Tin

Watu wakutanapo sokoni hubadilishana bidhaa, na wakutanapo ngomani hubadilishana nyimbo. Ndivyo ilivyokuwa zamani katika bandari zetu, na ndivyo ilivyo hata leo katika nchi za mbali. Katika insha hii nataka tumtazame mtungaji mmoja wa muziki wa zama zetu, kisha tujiulize kazi yake yatufundisha nini.

Christopher Tin alizaliwa mwaka 1976 katika jimbo la California, Marekani, na wazazi waliohamia huko kutoka Hong Kong. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Stanford, kisha katika chuo cha muziki cha Royal College of Music, London. Mwaka 2005 rafiki yake wa chuoni alikuwa akibuni mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV, unaohusu historia ya wanadamu tangu kale. Tin akautungia mchezo huo wimbo wa kuufungua. Maneno aliyoyachagua ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na wimbo akauita Baba Yetu.

Mwaka 2009 wimbo huo ulirekodiwa tena katika albamu yake, Calling All Dawns, yenye nyimbo 12 katika lugha 12, miongoni mwazo Kijapani, Kiebrania, Kiajemi na Kimaori. Mwezi wa Februari 2011 albamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy, na Baba Yetu nao ukapata yake. Haukuwahi kupatikana kabla yake muziki uliotungiwa mchezo wa kompyuta ukatunukiwa tuzo hiyo.

Na tuuchungue mchanganyiko wenyewe. Maneno ni ya Kiswahili. Waimbaji katika albamu ni kwaya ya Soweto Gospel Choir, kutoka Afrika Kusini. Wapigaji ala ni okestra ya Royal Philharmonic ya London. Aliyeyaunganisha yote ni Mmarekani wa asili ya Kichina. Mwimbaji mmoja huongoza na kundi humwitikia, kama ilivyo desturi katika ngoma nyingi za Afrika.

Hata sala yenyewe ni msafiri. Injili ziliandikwa kwa Kiyunani. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa, akaanza kutafsiri Biblia kwa Kiswahili kwa msaada wa wenyeji wasomi. Neno lenyewe "sala" lilitufikia kutoka Kiarabu. Basi Tin aliichukua sala iliyokwisha kupita mikononi mwa mataifa mengi.

Hata hivyo, yafaa tuseme kweli. Katika wimbo huo lugha yetu imo, lakini muziki wa pwani yetu haumo: husikii udi wala mwendo wa chakacha. Simlaumu Tin, maana hakudai kuwa Mswahili. Mwaka 2014, katika albamu iitwayo The Drop That Contained the Sea, alitia dua ya kuomba mvua ya Walango wa Uganda. Mgeni amekuja tena kuteka maji katika kisima chetu, nasi twamtazama.

Wazee wetu hawakuwa watazamaji. Taarabu ya Unguja ilizaliwa kwa kuchanganya ala za Misri na Arabuni, sauti za Bara Hindi, na mashairi ya Kiswahili. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay, akaimba Kiswahili katika santuri zilizouzwa Afrika ya Mashariki. Alikopa kwa wageni bila haya, kwa sababu alikuwa na mali yake mwenyewe ya kuchanganya nayo.

Wewe kijana usomaye haya, huenda wazijua nyimbo za redio na simu kuliko ngoma ya babu yako. Jifunze zote mbili. Mwendee mzee ajuaye kupiga, umwulize, uandike anayokuambia, ushike ala ile kwa mikono yako, maana wazee hawangojei. Siku utakapokutana na mtungaji wa ng'ambo, uwe na kitu cha kumpa kabla hujapokea chake. Wahenga walisema: mkono mtupu haulambwi.