Mahabusu Si Mfungwa

Kiingereza cha Marekani kina maneno mawili ambayo watafsiri wetu huyatia katika kapu moja: jail na prison. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anapoyakuta katika habari za kimataifa, yote mawili humfikia kama jela au gereza, kwa kadiri mhariri alivyopenda. Kwetu jela na gereza ni mahali pamoja. Jela ni ya mazungumzo, gereza ni la ofisi. Kwa Wamarekani hizo ni taasisi mbili. Prison ni ya jimbo au ya serikali kuu, na wanaokaa humo wamekwisha kuhukumiwa, kwa kawaida vifungo vya zaidi ya mwaka mmoja. Jail ni ya kaunti au ya jiji. Humo wamo wenye vifungo vifupi, lakini wengi wao hawajahukumiwa kabisa. Wanasubiri kesi, na mara nyingi wamebaki ndani kwa kukosa pesa ya dhamana.

Hapo ndipo tafsiri inapodhulumu. Ukiandika "wafungwa wa Rikers Island", kisiwa cha New York chenye jail kubwa ya jiji hilo, umewatia hatiani maelfu ya watu kabla ya hakimu.

Chukua habari ya Kalief Browder. Mwaka 2010, akiwa na umri wa miaka 16, alikamatwa New York akituhumiwa kuiba begi. Dhamana ya awali ilikuwa dola 3,000, na familia yake haikuweza kuzipata. Alikaa Rikers Island karibu miaka mitatu, sehemu kubwa akiwa amefungiwa chumba cha peke yake, huku kesi ikiahirishwa tena na tena. Mwaka 2013 shtaka lilifutwa bila kusikilizwa. Mwaka 2015 alijiua. Kwa begi lile hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani, kwa hiyo kumwita mfungwa ni kumwongezea dhuluma aliyokwisha kutendewa.

Neno la kumwita mtu kama yeye lipo, nasi tunalo siku zote: mahabusu. Asili yake ni Kiarabu, nalo humtaja mtu aliyezuiwa, bila kusema lolote kuhusu hatia yake. Mfungwa ni yule aliyepewa kifungo. Taarifa za magereza Tanzania huandika "wafungwa na mahabusu", na ile "na" ina kazi ya kisheria. Hata mavazi huwatenganisha: sare ya rangi ya chungwa ni ya mfungwa, mahabusu huvaa nguo zake.

Ugumu ni kwamba mahabusu na wafungwa wetu huweza kukaa nyuma ya ukuta mmoja, kwa hiyo neno gereza peke yake halitoshi kuonyesha tofauti. Rumande nayo inataja hali ya kushikiliwa kuliko jengo, na korokoro watu huielewa kama chumba cha kituo cha polisi. Kwa maoni yangu, prison ibaki gereza, na jail ya aina ya Rikers iitwe gereza la mahabusu, jina ambalo wakazi wa Dar es Salaam wamezoea kulisikia kwa Keko na Segerea. Pale habari inapomhusu aliyehukumiwa kifungo kifupi, jela ya kaunti inatosha.

Kuna neno la tatu lenye hila zaidi: correction. Rikers inaendeshwa na idara ya jiji ambayo kwa Kiswahili tungeiita Idara ya Marekebisho. Wamarekani walianza zamani kuipa adhabu majina ya upole. Jengo maarufu lililofunguliwa Philadelphia mwaka 1829 liliitwa kwa neno linalotokana na toba, kwa imani kwamba upweke ungemfanya mkosaji atubu. Mwaka 1954 chama chao cha magereza kiliacha neno gereza katika jina lake na kuchukua marekebisho. Zanzibar nayo ilipita njia inayofanana: huko gereza ni Chuo cha Mafunzo, na anayetumikia adhabu huitwa mwanafunzi.

Sipingi nia ya majina hayo. Kumfundisha mtu useremala ni bora kuliko kumvunjisha mawe na kumvunja mgongo. Lakini jina la taasisi likitafsiriwa, litafsiriwe kama jina tu, kisha mwandishi aseme waziwazi nani yumo ndani. Kijana anayesubiri kesi hana kosa lililothibitishwa la kurekebishwa. Akiandikwa kuwa "anarekebishwa", hukumu imeshapita gazetini.

Kwa hiyo, ewe mhariri na mtafsiri, kabla ya kuandika mfungwa, tafuta katika habari yenyewe kama mahakama imekwisha kumtia mtu huyo hatiani. Kama bado, andika mahabusu.