Maandamano na Haki: Historia ya Mji Wetu Inatufundisha Nini?

  Haya ni maneno yaliyosemwa kwenye redio. Tumeyaandika ili asiyekuwa na redio ayasome, na asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake.

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya swali ambalo linaulizwa katika kartie zetu, hapa upande wa Luano, na katika kambi za watu waliokimbia makwao. Watu wanapotoka barabarani kupinga ubaguzi na ukatili wa polisi, je, kunabaki kitu cha kudumu? Ama ni kelele za mlango tu, ambazo hazimzuii mwenye nyumba kulala?

Kijana anasema: tukinyamaza watatupiga milele, twendeni. Mzee anamjibu: tulikwenda zamani, tukazika watu, na polisi ni yule yule. Kila mmoja ameshika sehemu ya ukweli. Tusiwahukumu haraka. Tuangalie kwanza yaliyopita hapa hapa kwetu, kwa sababu mji wa Lubumbashi una mengi ya kutufundisha katika jambo hili.

Uwanja wa mwaka 1941

Tuanze na tarehe 9 Desemba 1941. Wakati ule mji uliitwa Elisabethville. Wazungu walikaa mjini, Waafrika walikaa siti au katika kambi za kampuni, na katikati kuliachwa eneo tupu ili wasichangamane. Vita vya dunia vilikuwa vimewaka. Shaba ya Katanga ilitakiwa sana, kazi iliongezwa, bei ya vitu sokoni ilipanda, lakini mshahara wa mfanyakazi Mwafrika haukufuata. Mzungu alikuwa na njia ya kudai. Mwafrika hakuruhusiwa hata kuwa na chama cha wafanyakazi, na fimbo ilikuwa bado adhabu ya sheria.

Basi wafanyakazi wa Union Minière waliacha kazi, Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na hapa Elisabethville. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Hawakuja na bunduki. Msemaji wao alikuwa karani, Léonard Mpoyi. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alifika pamoja na askari wa Force Publique. Watu walikataa kutawanyika kabla ya kujibiwa, na askari wakapiga risasi. Mpoyi alikufa pale, pamoja na makumi ya wenzake. Idadi yao inabishaniwa mpaka leo.

Je, walikufa bure? Sikilizeni vizuri. Baada ya damu ile, kampuni iliongeza mishahara. Mwaka 1946 serikali ya Wabelgiji ilikubali Waafrika wawe na vyama vya wafanyakazi, ingawa iliviangalia kwa jicho kali. Kwa hiyo kitu kilipatikana. Lakini ubaguzi wenyewe haukuondoka. Siti ilibaki siti na mji ukabaki mji. Fimbo iliondolewa katika sheria mwaka 1959 tu, miaka kumi na minane baada ya Mpoyi. Na askari waliopiga risasi walirudi kambini mwao, na mafundisho yao yakabaki yale yale.

Shikeni jambo hili, maana tutalirudia: mshahara ulibadilika, mkono ulioshika bunduki haukubadilika.

Kutoka Léopoldville mpaka Luano

Tarehe 4 Januari 1959, siku ya Jumapili, huko Léopoldville, mkutano wa chama cha ABAKO ulikatazwa. Watu walikasirika, wengine waliokuwa wanatoka kwenye mpira wakaungana nao, na mji ukawaka siku kadhaa. Maduka yalivunjwa, askari wakapiga risasi. Hesabu ya serikali ilisema waliokufa walikaribia hamsini. Wengi waliamini ni zaidi ya hapo. Siku tisa tu baadaye, tarehe 13 Januari, mfalme Baudouin alitangaza kwamba Kongo itapewa uhuru. Mwaka mmoja na nusu ukapita, na tarehe 30 Juni 1960 bendera ikapandishwa.

Mtu akikuambia kwamba barabara haina nguvu, mkumbushe Januari 1959. Lakini usiishie hapo, mwendelezee hadithi. Siku ya uhuru, maofisa wote wa Force Publique walikuwa bado Wazungu. Siku tano baadaye mkubwa wao, jenerali Janssens, aliwaandikia askari ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Askari wakaasi. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga. Nchi iliyopata uhuru haraka ilikuwa haijapata polisi wala jeshi la raia.

Na matokeo yake yalifika hapa Luano. Tarehe 17 Januari 1961 ndege ilitua kwenye uwanja huu, ikamshusha Patrice Lumumba na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Walipigwa wakiwa wamefungwa, watu wakiona. Usiku ule ule waliuawa. Mkono ulioshika bunduki ulikuwa umebadilisha bendera tu. Mwaka ule ule familia nyingi za Wabaluba wa mji huu zilikimbia nyumba zao, zikakimbilia kambi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, maelfu kwa maelfu. Wasikilizaji mnaokaa leo katika vibanda na mahema, mnaona kwamba si ninyi wa kwanza kulala hivyo Lubumbashi.

Jambo kama hili halikutokea kwetu peke yetu. Kule Sharpeville, Afrika Kusini, tarehe 21 Machi 1960, watu walikwenda kupinga kipande, ile karatasi ambayo Mwafrika alilazimishwa kutembea nayo. Polisi waliua watu 69. Sheria ile ya kipande ilifutwa mwaka 1986. Hesabuni wenyewe: miaka 26, na katika miaka hiyo watu waliendelea kupanga, kufungwa, kushtaki, kugoma, na kupanga tena. Maandamano ya siku moja yalianza kazi. Kazi yenyewe ilichukua maisha ya kizazi.

Mwaka ambao hasira iligeuka

Sasa tunafika mahali penye uchungu. Tutapita hapo kwa heshima, maana wengi wenu mna watu mliowapoteza.

Mwaka 1966 serikali yetu ilitoa sheria ya kuadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Ni sheria nzuri. Imeandikwa, ina tarehe, tarehe 7 Juni. Miaka 26 baadaye ilikuwa bado kwenye karatasi.

Tarehe 16 Februari 1992, Wakristo wa Kinshasa waliandamana wakiimba, kudai Konferensi ya Taifa ifunguliwe tena. Waliuawa watu wengi. Mwezi wa Aprili Konferensi ikafunguliwa. Barabara ilishinda tena, na iliwagharimu watu damu. Mwezi wa Agosti Konferensi hiyo ilimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu. Hapa kwetu Shaba, kama jimbo lilivyoitwa, wanasiasa walisimama kwenye mikutano wakasema shida zote za jimbo zinaletwa na Wakasai. Vijana wa chama cha UFERI waliingia barabarani nao. Lubumbashi, Likasi, halafu Kolwezi mwaka 1993, familia zilifukuzwa nyumbani. Mamia ya maelfu ya watu walipoteza makao. Walilala kwenye vituo vya gari la moshi wiki na miezi, wakisubiri mabehewa ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Watoto wengi walikufa njiani na vituoni.

Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Ndugu zangu, tulisikilize neno hilo. Wakati wa ukoloni Mzungu mbaguzi alimwita Mwafrika makaku, yaani nyani. Sisi tulilia, tukaandamana, tukalipinga. Halafu tukamtafutia jirani yetu jina la namna ile ile. Ubaguzi ulikuwa umehama kinywa tu.

Na kumbukeni uwanja wa 1941. Watu wa makabila mengi walisimama pale, kwa maana kampuni ilikuwa imeajiri watu kutoka pande zote, na kutoka Kasai pia. Risasi haikuuliza kabila la mtu. Nusu karne baadaye, wajukuu wa watu walioanguka pamoja walifukuzana. Malalamiko juu ya kazi na shule yalikuwa ya kweli, kwani ugawaji wa kazi tangu ukoloni haukuwa wa haki. Lakini malalamiko ya kweli yalielekezwa kwa jirani, na walioshika nguvu wakabaki salama wakiangalia. Hiyo ndiyo hatari kubwa ya barabara: kundi lililojaa hasira huweza kugeuzwa njia na mtu mmoja mwenye kipaza sauti.

Nini kinadumu?

Tuchukue mifano miwili ya karibu. Januari 2015, serikali ilitaka sheria ya uchaguzi ambayo ingesubirisha uchaguzi mpaka watu wote wahesabiwe. Vijana walitoka Kinshasa, Goma na kwingineko. Makumi waliuawa. Ndani ya wiki moja bunge liliondoa kifungu kile. Kwa nini? Watu walijua wanadai nini: kifungu kimoja, katika sheria moja, mbele ya watu wenye uwezo wa kukifuta.

Mfano wa pili ni wa Ubelgiji. Mwezi wa Mei 2020 polisi wa Marekani walimuua George Floyd, na tarehe 7 Juni watu karibu elfu kumi walikusanyika Brussels. Wakongomani wengi walikuwemo. Sanamu ya Léopold II iliondolewa Antwerp. Tarehe 30 Juni mfalme Philippe alimwandikia rais wetu kwamba anasikitika kwa mateso ya ukoloni, na mwaka 2022 alifika mpaka hapa Lubumbashi. Bunge lao liliunda tume. Lakini tume hiyo ilimaliza kazi mwisho wa 2022 bila kukubaliana hata juu ya neno la kuomba msamaha. Wakati huo huo, wanawake watano machotara, waliozaliwa Kongo na kuchukuliwa kwa nguvu kutoka kwa mama zao wakiwa watoto, walikwenda mahakamani. Mwaka 2021 walishindwa. Walikata rufaa. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya Brussels iliamua kwamba taifa la Ubelgiji lilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu, na liwalipe. Bibi watano, wenye umri wa zaidi ya miaka sabini, walifika mahali ambapo tume ya bunge haikufika.

Basi jibu letu ni hili. Maandamano hufungua mlango, na mara nyingi hakuna kingine kinachoufungua. Lakini mlango uliofunguliwa hujifunga wenyewe kama hakuna aliyesimama pale. Kinachodumu ni kile ambacho watu wanakilinda kesho yake: kwa chama, kwa sheria, kwa mahakama, na kwa ujirani mwema.

Kwenu viongozi, shefu wa kartie, burgumestri, wakubwa wa polisi, tunawakumbusha Katiba ya mwaka 2006. Kifungu cha 26 kinasema raia ana haki ya kuandamana, na wapangaji wanatakiwa kuwaarifu wakubwa kwa maandishi. Kuwaarifu, hakikusema kuomba ruhusa. Kifungu hicho kinasema pia kwamba hakuna mtu atakayelazimishwa kuandamana. Na kifungu cha 28 kinasema hakuna anayelazimika kutii amri ambayo ni wazi inavunja sheria. Askari wa 1941 hawakuwa na kifungu hicho. Askari wa leo anacho. Je, amesomewa? Mfundisheni kabla hajatumwa barabarani, kwa sababu siku ya moshi hakuna anayesoma kitabu.

Kwenu familia zilizohamishwa, mnaogopa kusema kwa kuwa mko ugenini. Haki ya kusema hamkuiacha kijijini. Mtu akipigwa kwenye barrière, andikeni siku, saa, mahali na majina ya walioona. Pelekeni kwa shefu, na kwa wanasheria wanaosaidia bila malipo. Nendeni wengi, wa makabila mbalimbali. Na mtu akija kuwaambia kwamba adui wenu ni mwenye nyumba ya pili, mwenye lugha nyingine, ondokeni kwenye mkutano wake.

Kwenu vijana, kabla ya kutoka, jibuni mambo matatu: tunadai nini, kwa nani, na nani atafuatilia wiki ijayo? Kama la tatu halina jibu, bado hamjawa tayari.

Tunawaachia maswali ya kuzungumza nyumbani, kanisani, msikitini au chini ya mwembe. Katika kartie yenu, ni jina gani la dharau wanaitwa wageni, na nani atakuwa wa kwanza kuliacha? Mtu akipigwa na polisi leo, anajua aende wapi? Na lile lililopatikana kwa damu ya watu wa uwanja wa 1941, nani kati yenu analilinda?

 Amani iwe nyumbani mwenu, na kwa majirani wenu pia.