Bega la Shujaa: Kinga na Nafasi ya Mkono



Mtume Paulo, anapowaandikia Waefeso juu ya silaha za Mungu, anataja dirii, chapeo, ngao na upanga. Bega halitaji. Wiki hii tungependa kulitazama bega hilo katika mavazi ya vita ya mashujaa wapanda farasi wa Ulaya, katika Zama za Kati, maana liliwapa wahunzi kazi ngumu.

Katika karne ya 13 shujaa alivaa kanzu ya pete ndogo za chuma zilizosukwa pamoja. Kanzu hiyo ilizuia makali ya upanga, lakini pigo zito liliweza kuvunja mfupa ulio chini yake. Karne hiyo ilipokaribia kwisha, vikaonekana vibao viwili vilivyofungwa mabegani, vikaitwa kwa Kifaransa ailettes, yaani vijibawa. Vile vilivyonunuliwa kwa mashindano ya Windsor, Uingereza, mwaka 1278, vilikuwa vya ngozi, vikafungwa kwa kamba za hariri. Vibao vya namna hiyo visingeweza kuzuia shoka. Vilibeba alama ya ukoo, ili mtu atambulike hata uso wake ukifichwa na chapeo. Tunaviona katika Zaburi ya Luttrell, kitabu kilichochorwa Uingereza kati ya miaka ya 1320 na 1340 hivi: Sir Geoffrey Luttrell yuko juu ya farasi, alama yake mabegani, na mkewe anamkabidhi chapeo.

Kinga ya kweli ilikuja na mabamba ya chuma. Katika karne ya 15, wahunzi wa Milano na Augsburg walifunika bega kwa mabamba yaliyopandana kama magamba ya samaki, yakashikwa kwa mikanda ya ngozi na ribiti. Mkono ulipoinuliwa, mabamba yaliteleza moja juu ya jingine. Bega la kushoto, lililomwelekea adui, mara nyingi lilikuwa kubwa zaidi. La kulia lilipunguzwa upande wa mbele, ili mkuki upate kubanwa kwapani. Hapo ndipo palipobaki upenyo, ukilindwa kwa pete za chuma, na pengine kwa kisahani cha mviringo.

Mtakatifu Yoana wa Arc alitengenezewa vazi kamili la chuma mjini Tours mwaka 1429, kwa livre 100 zilizolipwa na hazina ya Mfalme Charles VII. Tarehe 7 Mei mwaka huohuo, katika vita vya Orléans, mshale ulimpata kati ya shingo na bega. Alitolewa vitani, jeraha likafungwa, naye akarudi kwa wenzake. Jioni ile ngome ya Les Tourelles ikatekwa. Kesho yake Waingereza wakauacha mji.

Wahunzi wale hawakuwa wazembe. Walijua kwamba bega lililozibwa pande zote lingemlinda mtu asiyeweza kuinua upanga wala kushika hatamu. Kwa hiyo waliuacha upenyo, wakaufunika kadiri walivyoweza.

Nasi tuliokabidhiwa watoto na vijana tulitafakari hilo. Twatamani kuwaziba pande zote wasipatwe na mshale wowote. Lakini tukiwakaza mno, kesho watashikaje hatamu za maisha yao? Tuwavike kinga imara, kisha tuwaachie nafasi ya mkono.